Mnyororo au kamba? Kuchagua namna ya kupima ushahidi wa mazingira

Kesi ya jinai inapokosa shahidi hata mmoja aliyeona tendo likitendeka, anayeandika hoja za mwisho hukutana na picha mbili zinazogombana. Ya kwanza inasema ushahidi wa mazingira, yaani wa dalili zinazolizunguka tendo, ni mnyororo: pete moja ikikatika, mzigo wote uko chini. Ya pili inasema hapana, ni kamba: uzi mmoja haubebi kitu, lakini nyuzi tatu zikisokotwa pamoja zinavuta jahazi. Picha zote mbili zimo katika hukumu za mahakama za juu. Nimeshasoma hukumu inayoanza na mnyororo na kumalizia na kamba bila mwandishi wake kuonekana kusumbuka.

Ilipaswa imsumbue. Ushahidi uleule ukipimwa kama mnyororo unaweza kumwachia mshtakiwa huru, na ukipimwa kama kamba unaweza kumfunga maisha. Ulinganisho huu nimeuandika kwa yule ambaye lazima achague: wakili kijana, mwanafunzi anayejiandaa kwa mahakama ya mazoezi, hakimu mwenye jalada mezani na hukumu ya kusomwa keshokutwa.

Kisichochaguliwa

Kabla ya kuchagua, tuondoe kitu kimoja njiani. Kiwango cha uthibitisho hakichaguliwi. Katika nchi zinazofuata mapokeo ya sheria ya Uingereza, upande wa mashtaka ndio unaobeba mzigo, nao unatakiwa kuthibitisha kosa pasipo kuacha shaka ya msingi. Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, lililiweka hilo wazi katika shauri la Woolmington mwaka 1935. Mwaka 1947 Jaji Denning akaongeza kwamba kuthibitisha pasipo shaka ya msingi si sawa na kuondoa hata kivuli cha shaka. Uwezekano wa mbali, ule ambao mtu mwenye akili timamu angeupuuza kwa kusema "inawezekana, lakini haielekei hata kidogo", haumwokoi mshtakiwa.

Kiwango hiki hakipandi wala kushuka kwa kuwa ushahidi ni wa mazingira. Ile kauli ya vijiweni, "hawana kitu, ni ushahidi wa mazingira tu", haina mashiko. Mwaka 1928 mahakama ya rufaa ya jinai ya Uingereza ilisema kwamba kuuita ushahidi wa mazingira si kuudharau, na kwamba matukio yanayogongana bila mtu kuyapanga yanaweza kuthibitisha jambo kwa uhakika wa hesabu. Upande wa pili, ushahidi wa macho una maradhi yake. Shahidi mkweli anaweza kumtambua mtu asiye, na wengi waliokuja kuachiwa baada ya vipimo vya DNA walikuwa wametiwa hatiani kwa vidole vya mashahidi walioapa kwa dhati kabisa.

Tofauti halisi ni ya hatua. Kwa shahidi wa macho, mahakama inajiuliza swali moja: huyu ni mkweli, na aliona sawasawa? Kwa ushahidi wa mazingira linakuja swali la pili: hata kama kila kilichosemwa ni kweli, je, kinafika pale tunapopelekwa? Dalili ya mvua ni mawingu, lakini kila mtu amewahi kuanua nguo kwa mawingu yaliyopita bila tone. Mnyororo na kamba ni majibu mawili kwa swali hilo la pili.

Mnyororo

Tuseme ghala la bidhaa limeungua saa saba usiku, na anayeshtakiwa ni aliyekuwa mlinzi wake. Ushahidi pekee ni dumu la plastiki lililokutwa ndani ya uzio. Dumu lina alama ya kidole chake, na mkemia anasema lilikuwa na petroli.

Ili kutoka kwenye dumu hadi kwenye hatia, kuna mambo ambayo yote lazima yasimame. Dumu lililookotwa liwe ndilo lililofika maabara, halikubadilishwa njiani. Alama iwe kweli ni ya mshtakiwa. Petroli iliyokuwemo iwe ndiyo iliyowasha moto. Na alama iwe iliwekwa usiku ule, siyo mwezi uliopita alipokuwa bado mlinzi na dumu likiwa lake la kuchotea maji. Ondoa lolote kati ya hayo na yanayobaki hayana kazi. Hata mkemia awe hodari namna gani, hawezi kuziba pengo la polisi aliyeshindwa kueleza dumu lililala wapi kwa siku nne.

Huu ni mnyororo wa kweli, na ndani yake kila pete lazima ithibitishwe kwa kiwango kamili, kwa sababu ya mantiki kabla hata ya sheria: ukiwa na shaka ya msingi juu ya kitu ambacho bila hicho hatia haipo, basi una shaka ya msingi juu ya hatia yenyewe.

Kamba

Sasa ghala lilelile, mlinzi yuleyule, lakini hakuna dumu. Kuna mambo matano. Aliachishwa kazi siku sita kabla. Alimwambia mwenzake, "mtanikumbuka". Jioni ya tukio alinunua lita tano za petroli, naye hana gari wala jenereta. Simu yake ilishikwa saa sita na nusu usiku na mnara unaohudumia eneo la ghala. Asubuhi alikutwa na jeraha bichi la moto mkononi.

Hakuna hata moja linalotosha. Wanaofukuzwa kazi ni wengi na hawachomi maghala. Mnara wa simu unahudumia eneo pana, na huenda ndipo anapokaa shangazi yake. Lakini mambo haya hayategemeani. Wakili wa utetezi akilivunja la simu, manne bado yamesimama, kesi imepungua nguvu ila haijafa. Hiki ndicho Jaji Pollock alichokuwa akikisema katika shauri la Exall mwaka 1866: si mnyororo, kwa kuwa pete moja ikivunjika mnyororo ungeanguka, bali ni kama kamba ya nyuzi kadhaa, ambayo uzi mmoja hautoshi na tatu zikishikana zinatosha.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana mtego wake mwenyewe. Sisi tunasema kamba hukatikia pabovu, na kwa maana hiyo kamba yetu inatenda kama mnyororo wa Waingereza! Methali inaitazama kamba kwa urefu, sehemu hadi sehemu. Pollock aliitazama kwa unene, nyuzi zilizolala ubavu kwa ubavu. Ukiitumia picha hii mbele ya watu wanaoijua methali, taja nyuzi na kusokotwa, vinginevyo umewapa wapinzani wako hoja ya bure. Kama nia yako ni wingi wa vitu vidogo, kidole kimoja hakivunji chawa inaingia vizuri zaidi.

Zikiwekwa pamoja

| | Mnyororo | Kamba |
|---|---|---|
| Mambo yanahusianaje | Kila moja linasimama juu ya lililotangulia | Kila moja linaelekea kwenye hatia kwa njia yake |
| Moja likianguka | Kesi imekwisha | Kesi imepungua. Pima upya yaliyobaki |
| Nani huipenda | Utetezi | Mashtaka |
| Hatari yake | Kulipima kila jambo peke yake hadi yote yaonekane madogo | Kuhesabu uzi mmoja mara mbili, au kusokota nyuzi zisizokuwepo |

Safu ya mwisho ndiyo yenye kazi, nitakaa hapo kidogo.

Hatari ya mnyororo ni rahisi kuiona. Wakili mzuri wa utetezi anamchukua kila shahidi na kumuuliza: je, kununua petroli ni kosa? Je, kufukuzwa kazi ni kosa? Kila jibu ni hapana, na hapana tano zinasikika kama moja kubwa. Hakimu anayeandika hukumu yake kwa mtindo huo, jambo moja, aya moja, "hili halitoshi", akimaliza hana kesi, ilhali hajawahi kuyatazama matano kwa pamoja.

Hatari ya kamba ni ya ndani zaidi. Nyuzi zina nguvu ya pamoja pale tu ambapo kila moja ni uzi wake. Mfano ninaoupenda ni wa California, shauri la Collins, lililoamuliwa na mahakama ya juu ya jimbo hilo mwaka 1968. Mashahidi wa wizi wa mabavu walieleza mwanamke mwenye nywele za rangi ya dhahabu alizozifunga kwa nyuma, mwanamume mwenye ndevu na masharubu, na gari la njano. Mwendesha mashtaka akaipa kila sifa uwezekano wake, akazidisha zote, akawaambia waamuzi kwamba nafasi ya kupatikana wawili wengine wa aina hiyo ni 1 katika milioni 12. Mahakama ya juu ilifuta hukumu. Namba zenyewe hazikuwa na ushahidi wowote nyuma yake, na zaidi ya hapo, ndevu na masharubu vilihesabiwa kama vitu viwili vya mbali wakati mwenye ndevu kwa kawaida ana masharubu pia. Kamba ilionekana nene kwa kuwa uzi mmoja ulikuwa umekunjwa.

Jambo hili hutokea kila siku bila hesabu. Mashahidi watatu wanasema mshtakiwa alikuwa na hasira na marehemu. Ukiwahoji, wote watatu walisikia kwa mtu mmoja. Huo si uzi wa tatu, ni mwangwi.

Hatari ya pili ya kamba ni kuchanganya uzi dhaifu na uzi usiokuwepo. Pollock alizungumzia udhaifu wa kuelekeza: kununua petroli kunaelekeza kidogo tu kwenye hatia. Hakusema kwamba kama hatuna hakika aliinunua, basi tuihesabu kwa nusu. Swali la kama jambo lilitokea na swali la jambo hilo linaonyesha nini ni maswali mawili, na hoja nyingi mbovu za mashtaka nilizozisoma ziliyamezesha moja ndani ya lingine.

Kesi halisi ni mchanganyiko

Mahakama Kuu ya Australia, ambayo kule ndiyo ya juu kabisa, ndiyo iliyotoa jibu ninaloliona bora zaidi, katika shauri la Shepherd mwaka 1990. Ilisema kwamba si kila jambo dogo linalohitaji kuthibitishwa lenyewe kwa kiwango cha pasipo shaka ya msingi. Linalohitaji hivyo ni lile ambalo bila hilo hoja haiwezi kufika kwenye hatia, kiungo kisichoepukika. Kiungo cha namna hiyo ni pete ya mnyororo. Mengine ni nyuzi, na kiwango kinapimwa kwenye kamba nzima.

Kwa hiyo swali lenye faida si kama ushahidi wa mazingira ni mnyororo au kamba. Uliza, kwa kila jambo lililo mezani: nikiliondoa hili, bado nafika? Ukifanya zoezi hilo kwenye kesi ya ghala utaona kwamba hata nyuzi zina minyororo midogo ndani yake. Uzi wa simu una pete tatu: laini ni yake, aliyeibeba usiku ule ni yeye, na mnara ule unalihudumia eneo la ghala. Pete moja ikikatika uzi wote umepotea, ingawa kamba huenda ikabaki. Na utaona kitu kingine kilichojificha nyuma ya nyuzi zote tano: kwamba moto uliwashwa na mtu. Kama ulianzia kwenye nyaya mbovu za umeme, petroli yake na hasira zake hazihusiani na lolote. Hiyo ni pete, na mara nyingi ndiyo inayosahauliwa kwa sababu kila mtu ameshughulika na mshtakiwa.

Tahadhari moja kabla hujaikimbilia Shepherd: si mahakama zote zinakubali ulegevu huo. Mahakama ya Rufaa ya Kenya, katika vigezo vitatu ilivyovitaja mwaka 1990 na ambavyo hunukuliwa mpaka leo, inataka kwanza kila tukio ambalo hatia inajengwa juu yake liwe limethibitishwa kwa uthabiti. Pili, matukio hayo yaelekee kwa mshtakiwa bila kuyumba. Tatu, yakichukuliwa kwa jumla yafanye mnyororo uliokamilika kiasi kwamba hakuna pa kutorokea. India inataka vivyo hivyo. Neno lao ni mnyororo, lakini angalia kigezo cha tatu: "kwa jumla". Hiyo ni kamba iliyovaa jina la mnyororo. Mbele ya mahakama hizi kamba inaruhusiwa kwenye maana ya matukio, siyo kwenye ukweli wake.

Chaguo la pili: kanuni maalumu, au kiwango kimoja tu

Chini ya ugomvi wa mnyororo na kamba kuna ugomvi mwingine wa zamani. Je, mahakama ijionye kwa maneno maalumu kila ushahidi unapokuwa wa mazingira, au itosheke na shaka ya msingi?

Maneno maalumu yana umri. Mwaka 1838, katika shauri la Hodge, Jaji Alderson aliliambia juri, yaani lile jopo la raia linaloamua hatia, kwamba haitoshi matukio yalingane na hatia. Yasilingane pia na hitimisho jingine lolote la kiakili. Akaonya kwamba akili ya binadamu hufurahia kuoanisha mambo, na hata kuyavuta kidogo ili yakae sawa. Hodge aliachiwa. Maneno yale yakasafiri na himaya. Afrika Kusini iliyatia kwenye kanuni mbili katika shauri la Blom mwaka 1939: hitimisho lilingane na kila kilichothibitishwa, na kilichothibitishwa kifute kila hitimisho jingine la maana. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliyapokea mwaka 1949 katika shauri la Kipkering arap Koske, ikaongeza kwamba mzigo wa kuthibitisha matukio hayo hauhami kamwe kwenda kwa mshtakiwa. Mahakama ya Juu ya India, mwaka 1984 katika shauri la Sarda, iliyapanua hadi kanuni tano, ikasisitiza umbali uliopo kati ya jambo ambalo huenda limethibitishwa na lile ambalo lazima liwe limethibitishwa.

Upande wa pili wa mizani, waliozaa kanuni wameiacha. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mwaka 1954, katika shauri la kodi la Holland, kwamba juri likishaelezwa vizuri shaka ya msingi ni nini, kuliongezea maneno haya kunachanganya na si sahihi. Baraza la Malodi likaamua mwaka 1973, katika shauri la McGreevy lililotoka Ireland Kaskazini, kwamba hakuna wajibu wa kutoa onyo maalumu. Kanada ilifuata njia hiyo miaka ya 1970, halafu mwaka 2016, katika shauri la Villaroman, ikarudi nusu njia: maneno ya Hodge si lazima, lakini juri likumbushwe lisikimbilie kujaza mapengo kwa kile linachokitegemea kukiona.

Nani mkweli? Kwa mantiki, Marekani na Uingereza. Kama kuna maelezo mengine ya maana yanayoendana na kutokuwa na hatia, basi shaka ya msingi ipo. Kama hayapo, haipo. Kanuni maalumu ni kiwango kilekile kilichotamkwa kwa kirefu. Anayedai mahakamani kwamba ushahidi wa mazingira unahitaji kiwango cha juu zaidi kuliko ushahidi wa macho anadai kitu ambacho hakuna mahakama kati ya hizi iliyokisema.

Ila mantiki siyo yote. Angalia ni nani anayeamua. Hofu ya Marekani ilikuwa juu ya juri: raia kumi na wawili wanaosikiliza maneno kwa masikio, wanaingia chumbani, wanatoka na neno moja au mawili, bila sababu. Kwao maneno ya ziada ni mzigo. Pale ambapo hatia inaamuliwa na hakimu au jaji anayepaswa kuandika sababu, kanuni ileile inafanya kazi nyingine kabisa: inamlazimisha aandike maelezo mengine yaliyowezekana na kwa nini ameyakataa. "Nimeridhika pasipo shaka" ni sentensi ambayo mtu anaweza kuiandika akiwa amechoka. "Maelezo kwamba alama ya kidole iliwekwa mwezi uliopita nayakataa kwa sababu…" haiandikiki bila kufikiri. Mimi, kwa mahakama ya namna hiyo, ningechagua kanuni maalumu bila kusita, na ningechagua Blom kuliko tano za India, ambazo zinarudia mambo mawili kwa sauti tano. Wakili wa utetezi mbele ya mahakama inayozikubali ana haki ya kunipuuza hapa: marudio yana faida kwake.

Maelezo mengine yanatoka wapi

Hapa ndipo kesi nyingi zinaposhinda au kupotea, na ndipo maneno "hayaingii akilini" yanapotumika ovyo.

Mshtakiwa hana deni la kuyaleta. Villaroman ilifafanua kwamba maelezo ya kutokuwa na hatia si lazima yatokane na matukio yaliyothibitishwa. Yanaweza kutoka kwenye pengo, kwenye kile ambacho mashtaka hawakukileta. Kama hakuna aliyepima nyaya za umeme za ghala, pengo hilo lenyewe linazungumza. Kinachokataliwa ni ndoto: huenda adui asiyejulikana aliiga alama zake, huenda kuna pacha. Katikati ya pengo na ndoto kuna eneo pana, na hakuna kanuni itakayomwondolea mwamuzi kazi ya kulipita.

Kuna sheria zinazoonekana kuuhamisha mzigo. Kifungu cha 106 cha Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872 kilimtaka mtu mwenye kujua jambo kwa namna ya pekee alithibitishe yeye, na nchi nyingine zina vifungu ndugu zake. Hutumika sana pale marehemu alipoonekana mara ya mwisho akiwa na mshtakiwa, au mali ya wizi inapokutwa kwake muda mfupi baadaye. Lakini kifungu cha namna hii hakimsaidii mwendesha mashtaka ambaye hajajenga kitu. Kwanza kamba, ndipo ukimya wa mshtakiwa uwe na maana. Uongo wake nao ni hivyohivyo. Watu husema uongo kwa hofu, kwa aibu, kwa kumficha mwanamke ambaye hawakutakiwa kuwa naye usiku ule. Mahakama ya Rufaa ya Uingereza katika shauri la Lucas, mwaka 1981, ilitaka uongo uwe wa makusudi, uhusu jambo la msingi, na utokane na kuogopa ukweli wa hatia kabla haujahesabiwa kuwa na uzito. Katika kesi ya ghala, uongo wa mlinzi kuhusu alikolala unaweza kuwa uzi, kamwe si kamba.

Na kuna sharti ambalo huandikwa kwa haraka kuliko yote: kuangalia kama yapo mambo mengine, sambamba na yale yaliyothibitishwa, ambayo yanapunguza au kuvunja hitimisho. Limetoka Privy Council ya London, baraza lililokuwa likisikiliza rufaa za mwisho kutoka makoloni, mwaka 1952, katika rufaa ya Teper kutoka Guyana, nayo pia ilihusu duka lililoungua. Lord Normand alisema ushahidi wa aina hii uchunguzwe kwa makini kwa kuwa unaweza kutengenezwa ili kumtupia mtu lawama, akatoa mfano wa kikombe cha Yusufu: kiliwekwa ndani ya gunia la Benyamini kwa amri, na kilipopatikana humo ndugu zake wakafanya haraka kuamini kwamba ameiba. Mahakama ya Afrika Mashariki ililichukua sharti hilo mwaka 1958 katika shauri la Simon Musoke. (Kisa chenyewe kina ushahidi wa mazingira kila upande. Katika Kurani, kanzu ya Yusufu iliyochanika kwa nyuma ndiyo iliyomtoa lawamani: aliyechaniwa nyuma alikuwa akikimbia.)

Anayetaka kuona gharama ya kulipita sharti hili juu juu asome shauri la Chamberlain la Australia. Mtoto mchanga alipotea kambini karibu na Uluru mwaka 1980. Mama alisema tangu usiku uleule kwamba amechukuliwa na dingo, mbwa mwitu wa huko. Mwaka 1982 alitiwa hatiani kwa mauaji, ushahidi wa mazingira mtupu, sehemu yake kubwa ukiwa wa maabara. Mwaka 1984 rufaa yake ikashindwa kwa majaji watatu dhidi ya wawili. Alikuwa amesema mtoto alivaa koti dogo ambalo halikuonekana, na hakusadikiwa. Koti lilipatikana mwaka 1986, hatia ikafutwa 1988, na mwaka 2012 uchunguzi rasmi wa kifo ukaamua kwamba ni dingo. Maelezo mengine hayakuwa yamefichika popote. Yalikuwa mezani siku zote, yakaonekana ya ajabu mno.

Basi uchague lipi

Ukiwa upande wa mashtaka, pinga kuitwa mnyororo, lakini kabla hujasimama tafuta pete zako na uzikaze. Kwa kawaida ni mbili au tatu: kosa lilitendeka kweli, kielelezo kilichookotwa ndicho kilicholetwa, kitu fulani ni cha mshtakiwa. Nyuzi ishirini hazitaokoa pete iliyooza.

Ukiwa upande wa utetezi, usitumie nguvu sawa kwa kila kitu. Wakili aliyetumia asubuhi nzima kuonyesha kwamba mshtakiwa hakuwa na hasira sana alikuwa akikata uzi ambao usingebadilisha lolote, wakati mtu wa maabara alishuka kizimbani bila kuulizwa sampuli ilihifadhiwa wapi. Shambulia pete kwanza. Halafu onyesha nyuzi zipi ni mwangwi. Halafu, hata kama huna wajibu, ipe mahakama maelezo mengine yenye mwili. Mwamuzi huona vigumu kumwachia mtu kwa pengo lisilo na jina.

Ukiwa ndiye unayeandika hukumu, mpangilio ni huu, aya tano: kwanza, yaliyothibitishwa na yasiyothibitishwa, moja moja, kwa ukweli wake tu; pili, yapi kati yake ni pete; tatu, yote kwa pamoja yanaelekea wapi; nne, maelezo gani mengine yapo, yaliyoletwa na utetezi na ambayo hayakuletwa na mtu; tano, kila moja linakataliwa kwa sababu gani. Aya ya tatu, ile ya "kwa pamoja", ndiyo inayokosekana mara nyingi katika hukumu za kuachia. Ya tano ndiyo inayokosekana katika hukumu za kutia hatiani.